Jedwali Lisomwe Kabla ya Swali

Nilifundisha Jiografia Likoni enzi za KCPE, mtihani wa darasa la nane, na hadi leo watoto wa majirani huja kwangu Mtongwe jioni kujiandaa kwa mitihani. Kuna jambo linaniuma. Mtoto hodari wa kutoa na kugawanya, akipewa jedwali dogo tu la safu nne, hupoteza alama ambazo zilikuwa mkononi mwake. Hesabu anaijua. Jedwali ndilo hakulisoma.

Macho yake hukimbilia swali la kwanza, kisha huingia kwenye jedwali kuwinda nambari. Kichwa hakitazami. Maneno madogo juu ya safu, "maelfu ya tani", yanampita. Akiulizwa mizigo iliyoshushwa bandari ya Kilindini, anaandika tani 35 badala ya tani 35,000. Nani atampa alama?

Grafu ya mvua nayo huwaangusha wengi. Hapa Mombasa mwezi wa mvua nyingi kwa kawaida ni Mei, na Februari ndio mkavu. Mtoto wa pwani analijua hilo hata kabla ya kufungua karatasi. Basi swali likiuliza ni mwezi gani mvua iliongezeka zaidi kuliko mwezi uliotangulia, anaandika Mei upesi upesi kwa kuwa nguzo yake ni ndefu kuliko zote. Huenda ni Mei, huenda ni Aprili. Hapo ni lazima atoe Machi kwenye Aprili, kisha Aprili kwenye Mei, ndipo ajue.

Kwenye bango, kosa huja kwa sura nyingine. Bango la kipindupindu linasema: nawa mikono kwa sabuni, chemsha maji ya kunywa, tumia choo. Swali: taja mambo mawili yanayohimizwa na bango. Mtoto anajibu, "Kufunika chakula." Ni kweli chakula hufunikwa, mamake humwambia kila siku, lakini bango halikusema. Huwaambia wanangu: hapa hupimwi unachojua, unapimwa unachokiona. Weka kidole juu ya neno lililokupa jibu. Kidole kikikosa pa kukaa, futa.

Kinachonishangaza ni kwamba watu wa huku bara ya Mombasa, kuanzia Likoni hadi Kisauni na Changamwe, wanaishi katikati ya majedwali. Mtoto wa Mshomoroni au Chaani anayetumwa kwa wakala wa M-Pesa husimama mbele ya bango la ada lenye mistari kama 101 hadi 500, kisha 501 hadi 1,000. Mwulize shilingi 500 kamili iko mstari upi. Mwulize kipi nafuu, kutoa 3,000 mara moja au 1,500 mara mbili. Huo ni mtihani mzima, na karatasi yake iko ukutani bure. Kina mama nao wana kile kijitabu cha kliniki chenye mchoro wa uzito wa mtoto. Mama ambaye hakupita darasa la nane hukwambia mstari wa mwanawe umelala mwezi huu, na moyo humdunda. Grafu ameisoma sawasawa: hakuishia kwenye nukta moja, amefuata mwendo.

Mimi napenda zaidi jedwali la maji kujaa na kupwa. Wavuvi wa Mtongwe wanajua bamvua, maji yanapojaa na kupwa sana, na maji mafu, yanapojaa na kupwa kidogo, bila karatasi. Watoto wao wafundishwe kuyaona kwenye karatasi. Tuseme siku ya bamvua jedwali linaonyesha hivi: 04:10 mita 3.4, 10:20 mita 0.4, 16:30 mita 3.5, 22:40 mita 0.3. Swali: mtu anayetafuta pweza mchana aende saa ngapi? Mwenye haraka huchagua 0.3 kwa kuwa ndiyo ndogo kuliko zote, akasahau kuwa hiyo ni saa nne na dakika arobaini usiku. Jibu ni 10:20, yaani saa nne na dakika ishirini asubuhi. Na wako wanaosoma 10:20 wakaandika saa kumi jioni, wakati ambapo mwamba wenye pweza umefunikwa na maji kabisa. Saa ya kwenye jedwali na saa tunayoitaja nyumbani hupishana kwa saa sita, na mtoto hana budi kulizoea hilo kabla ya siku ya mtihani.

Msione ni mambo ya alama tu. Tarehe 29 Aprili 1994 feri ya Mtongwe ilipinduka ikiwa imejaza watu kupita uwezo wake, na watu 272 wakafa. Sisi tunaoishi huku hatuwezi kuiona nambari ya uwezo wa chombo kama pambo. Nataka mtoto wa Likoni akiiona nambari kama hiyo aulize: tuliopanda ni wangapi?

Turudi kwenye mitihani. KPSEA, mtihani wa gredi ya sita, ilianza mwaka 2022, KCPE ikafanywa kwa mara ya mwisho 2023, na mwaka 2025 wanafunzi wa gredi ya tisa wakafanya KJSEA ya kwanza. Mtaala wa umilisi unataka mtoto akitumie anachokijua. Hata kwenye KCSE, mtihani wa kidato cha nne, swali la ramani katika Jiografia limekuwa la lazima kwa miaka mingi. Wakati huohuo, karatasi za majaribio zinazouzwa mitaani zimetolewa nakala juu ya nakala hata chati ya duara imekuwa doa jeusi, na ufunguo wake hausomeki. Mtoto akikosa hapo, anaambiwa mzembe. Hiyo ni dhuluma.

Walimu wenzangu, karatasi ikija na chati isiyosomeka, ichoreni upya ubaoni kwa chaki za rangi kabla ya kuuliza swali hata moja. Wape watoto dakika mbili za kusoma kichwa, vipimo na ufunguo, kalamu zikiwa chini. Nawe mzazi, ukimtuma mwanao kwa wakala, mwambie akutajie ada ya kutoa pesa aliyoisoma mwenyewe kwenye bango, asimwulize mtu.