Taa ya kijani haitoshi: mtandao upimwe pale mteja anaposimama

Swali linalotufikia mara nyingi kutoka Yamumbi ni fupi: "Mtandao uko?" Linaulizwa na mwenye duka la agroveti, na karani wa shule, na mhudumu wa zahanati. Nyuma ya swali hilo kuna pesa. Mteja ameweka PIN, salio lake limepungua, lakini mfumo wa duka unasema bado hajalipa. Mfuko wa mbolea uko kaunta na hakuna anayethubutu kuuachilia. Hapo ndipo watu wawili waliosalimiana vizuri wanaanza kutazamana kama wezi.

Wakati huohuo, mjini Eldoret, mtu wa IT anayesimamia mfumo huo anafungua programu yake ya kufuatilia mtandao na kuona taa za kijani mstari mzima. Seva iko. Rauta iko. Laini ya faiba iko. Anajibu kwa moyo safi: "Kwangu kila kitu kiko sawa."

Wote wawili wanasema ukweli, na pesa bado imekwama. Sisi tunaona kwamba programu ya ufuatiliaji inayosema mambo ni sawa huku mteja amekwama ina kasoro, hata kama kila namba inayoonyesha ni sahihi. Kasoro hiyo msimamizi mwenyewe anaweza kuirekebisha, na mara nyingi bila kununua programu mpya.

Hodi imeitikiwa, lakini chakula je?

Ufuatiliaji mwingi huanzia kwa ping, programu ndogo iliyoandikwa na Mike Muuss mnamo Desemba 1983. Ping hutuma ujumbe mfupi kwa mashine na kungoja jibu. Ni kama kupiga hodi mlangoni. Ukiitikiwa, umejua kuna mtu ndani. Hujajua kama jiko limewashwa wala kama chakula kimeiva.

Programu zinazotumika sana kwa kazi hii zinaweza kufanya zaidi ya hapo. Nagios ilianza mwaka 1999 kwa jina la NetSaint, na Zabbix ilitolewa kwa umma mara ya kwanza mwaka 2001. Zote zina toleo huria lisilolipiwa, na zote zinaweza kupima kurasa, hifadhidata, nafasi ya diski, hata kuendesha kipimo ulichokiandika mwenyewe. Shida ni kwamba ofisi nyingi huziweka siku moja, zinaona kijani, halafu kazi inaishia hapo.

Hebu tufuate malipo ya mteja wa Yamumbi. Simu yake inazungumza na mlingoti. Ombi linafika kwa mitambo yetu. Pesa inatoka kwenye akaunti yake na kuingia kwenye till ya duka. Sisi tunatuma meseji kwa mteja, na pia tunatuma taarifa kwa seva ya duka ili iandike risiti. Hatua hiyo ya mwisho ndiyo ping haiioni kabisa. Seva inaweza kuitikia hodi mchana kutwa na huku inakataa kila taarifa ya malipo tunayoipelekea.

Sababu za kukataa ni za kawaida, na huja kimya kimya. Cheti cha usalama cha seva kimeisha muda na hakuna aliyekumbuka kukifanya upya. Saa ya seva imepotoka, kwa hivyo ujumbe halali unaonekana umepitwa na wakati. Diski imejaa, taarifa inapokelewa lakini haiandikwi. Au mtu amebadilisha kanuni za fayawoli siku ya Ijumaa jioni, akaenda nyumbani, na tangu hapo mlango unaopitisha taarifa zetu umefungwa.

Vipimo tunavyopendekeza

Kwanza, linganisha vitabu viwili. Kila dakika kumi, programu yako ihesabu malipo yaliyoingia kwenye till na malipo yaliyoandikwa kwenye mfumo wako. Hesabu zikitofautiana mara mbili mfululizo, king'ora kilie. Kipimo hiki kimoja kinakamata cheti, saa, diski na fayawoli kwa pamoja, hata kabla hujajua kosa liko wapi.

Pili, ikiwa huduma yako inaruhusu kuuliza hali ya malipo, uliza kila dakika tano kuhusu malipo ya zamani ambayo jibu lake unalijua. Hakuna pesa inayohama. Usiishie kuandika kwamba jibu limekuja, andika pia limechukua sekunde ngapi. Jibu lililozoea kuja kwa sekunde mbili likianza kuchukua ishirini, mteja ameshaanza kubonyeza mara ya pili, na hapo ndipo malipo mawili ya kitu kimoja huzaliwa.

Tatu, kila asubuhi kabla ya kufungua, fanya malipo halisi ya kiasi kidogo ukitumia simu ya kawaida iliyoko Yamumbi kwenyewe, kwenye till ya majaribio. Kompyuta ya mjini haijui mlingoti wa kijijini unahisi vipi. Tafadhali, PIN isiandikwe ndani ya programu yoyote ya kupima, na namba za wateja zifichwe kwenye kumbukumbu za seva. Sheria ya Kulinda Data ya mwaka 2019 inawahusu hata wenye mifumo midogo.

Nne, fuatilia ukimya. Malipo sifuri saa tisa usiku ni jambo la kawaida. Malipo sifuri saa sita mchana mwezi wa nne, watu wakiwa kwenye msimu wa kupanda, ni moshi. Zabbix ina kipimo maalum cha kugundua kwamba data imeacha kuja. Kitumie, na ukipe viwango tofauti vya mchana na vya usiku.

King'ora kinacholia kila saa hakisikiki tena

Kuna wasimamizi wanaotuambia kwamba tayari wana tahadhari nyingi, na simu zao zinalia usiku kucha. Tunawaamini. Hiyo nayo ni aina ya upofu. Mtu anayepokea meseji mia kwa siku hujifunza kuzifuta bila kusoma, na ile moja yenye maana inafutwa pamoja na zingine.

Maoni yetu hapa ni makali kidogo. Tahadhari isiyo na mtu wa kuishughulikia na kitendo cha kufanya, iondolewe. Ukiulizwa "hii ikilia nani anaamka, na anafanya nini?" na huna jibu, hiyo si tahadhari, ni kelele. Iweke kwenye ripoti ya wiki.

Kisha panga vifaa kwa utegemezi. Laini kuu ikianguka, huhitaji kuambiwa kwamba kompyuta arobaini zilizo nyuma yake hazionekani. Unahitaji meseji moja kuhusu laini. Nagios na Zabbix zote zinakubali kupangwa hivyo. Zinakubali pia kuandikiwa muda wa matengenezo, ili kazi uliyopanga mwenyewe isikupigie kelele.

Angalia pia hesabu ya muda. Ukipima kila dakika tano na kungoja kipimo kishindwe mara tatu ndipo upewe taarifa, hadi dakika 15 zinaweza kupita kabla hujajua. Kwenye Nagios unaweza kuagiza kwamba kipimo kikishindwa mara moja, kirudiwe kila dakika moja. Hapo dakika 15 zinashuka hadi saba hivi. Kwa foleni ya watu kumi dukani, dakika nane ni nyingi.

Mlinzi asilale nyumba moja na mwizi

Usiku wa tarehe 25 Agosti 2023, stima ilipotea karibu Kenya nzima. Siku kama hiyo, programu ya ufuatiliaji iliyo kwenye chumba kimoja na seva, soketi moja na laini moja ya intaneti, inazimika pamoja na vitu inavyovichunga. Haitumi chochote, na msimamizi aliye nyumbani anadhani kumetulia.

Tarehe 12 Mei 2024 lilikuja somo la aina nyingine. Nyaya za baharini za EASSy na Seacom zilikatika upande wa Afrika Kusini, na intaneti ikawa dhaifu Kenya, Tanzania, Uganda na kwingineko. Kwenye tukio la namna hiyo, mfumo unaotegemea seva zilizo ng'ambo unaweza kusuasua huku menyu ya malipo kwenye simu ya kawaida ikiendelea kufanya kazi, kwa sababu menyu ile hupita kwenye mtandao wa simu bila kuhitaji bando. Msimamizi mwenye taa moja tu iitwayo "intaneti" hawezi kutofautisha. Mwenye taa tatu, moja ya njia ya ndani ya nchi, moja ya ng'ambo, na moja ya mtandao wa simu, atamwambia mwenye duka mara moja: "Pokea malipo, thibitisha kwa salio la till, risiti tutaingiza baadaye." Biashara inaendelea.

Kwa hivyo mlinzi akae mahali pengine, awe na betri yake na laini yake ya simu ya kutuma meseji. Kompyuta kuukuu na modemu yenye laini ya mtandao mwingine zinatosha kuanzia.

"Hiyo ni kazi ya kampuni, si yetu"

Tunasikia hoja hii, na ina uzito. Shule ya Yamumbi ina mtu mmoja wa IT, ambaye pia ndiye anayetoa karatasi zilizokwama kwenye printa. Kwa nini abebe mzigo wa mitambo ambayo si yake?

Jibu letu ni kwamba kila mmoja abebe upande wake wa daraja. Mitambo yetu tunaichunga sisi, na kampuni za malipo, sisi tukiwemo, zinafaa kupimwa kwa dakika zinazopita kabla ya kumwambia mteja kuna hitilafu. Asilimia pekee haitoshi. Huduma iliyopatikana asilimia 99.9 ya mwezi wa siku 30 bado imekosekana kama dakika 43. Dakika hizo zikiangukia asubuhi ya kufungua shule, mzazi aliyesimama langoni na mtoto wake hatafarijika na desimali.

Lakini seva ya shule iko ndani ya shule. Cheti chake, diski yake na fayawoli yake hatuzioni kutoka kwetu. Tunachoweza kuona ni kwamba taarifa tulizotuma zimekataliwa. Mwenye uwezo wa kujua ni kwa nini, na kurekebisha, ni yule aliye na funguo za chumba.

Kwa mwenye duka ambaye hana mtu wa IT, mambo ni matatu. Usimwambie mteja alipe tena kabla hujaangalia salio la till yako mwenyewe. Usitegemee meseji iliyo kwenye simu ya mteja, maana inaweza kughushiwa. Na andika saa na namba ya muamala kwenye karatasi, kwa sababu bila hizo mbili hata sisi tunatafuta sindano gizani.

Kwako msimamizi, wiki hii fanya jaribio moja. Chagua saa ambayo hakuna wateja, mjulishe mwenye duka, kisha funga kwa makusudi mlango unaopokea taarifa za malipo kwenye seva yako. Lipa shilingi kumi kwenye till ya majaribio, halafu hesabu dakika hadi programu yako ya ufuatiliaji ikuambie kuna shida. Ukishamaliza, fungua mlango na uhakikishe risiti imeingia. Ikiwa nusu saa itapita na taa bado ni ya kijani, umeshajua pa kuanzia.