Nyota ya Asubuhi na Magongo ya Barafuni

Wahenga wetu walisema nyota njema huonekana asubuhi. Ni msemo wa kweli katika mambo mengi, lakini sisi wapenzi wa michezo tumeutumia vibaya. Msimu unapoanza, timu ikishinda michezo miwili mitatu, twasema kombe limeshapatikana. Ikifungwa, twasema mwalimu afukuzwe. Maradhi haya tunayajua katika mpira wa miguu hapa kwetu. Yameonekana pia, tena kwa kishindo kikubwa, huko Marekani, katika magongo ya barafuni yanayochezwa na vyuo vikuu. Leo nataka tuutazame mwanzo wa msimu wa 2025-26 wa timu ya Chuo Kikuu cha Penn State, kwani ndani yake mna mambo ya fedha, ujana na haki ambayo hayahusu barafu peke yake.

Kwanza tuelewane juu ya mchezo wenyewe. Magongo ya nyasi Wakenya tunayajua. Mwaka 1971 timu yetu ilitoka ya nne katika Kombe la Dunia mjini Barcelona. Haya ya barafuni ni ndugu yake mwenye hasira. Wachezaji sita kwa kila upande, kipa akiwa mmoja wao, huvaa viatu vyenye makali ya chuma na kugombania kisahani cha mpira mgumu chenye uzito wa gramu 170 hivi. Mchezo una vipindi vitatu vya dakika 20. Wala asidhani mtu kwamba ni mambo ya Wazungu tu, kwani hata Nairobi wako vijana wetu, Ice Lions, waliojifunza katika uwanja mdogo wa barafu wa hoteli ya Panari, na mwaka 2024 Kenya ilipokewa katika shirikisho la kimataifa la mchezo huo.

Penn State iko katika jimbo la Pennsylvania. Kwa umri, timu yake ya magongo ni changa. Iliingia daraja la juu la vyuo mwaka 2012, baada ya tajiri Terry Pegula na mkewe Kim kutoa dola milioni 88 mwaka 2010 ili ujengwe uwanja na timu zianzishwe. Uwanja ulifunguliwa mwaka 2013, una nafasi ya watu 6,000 hivi, na mwalimu tangu siku ya kwanza ni Guy Gadowsky. Kwa hiyo anayelalamika kwamba fedha zimeingia juzi katika timu hii, hana budi kukumbuka kwamba timu yenyewe ilizaliwa mikononi mwa fedha.

Sasa tazama yaliyotokea katika msimu wa kabla yake. Vuli ya 2024 timu hii ilikuwa kichekesho. Ilifungwa mchezo baada ya mchezo katika ligi yake ya Big Ten, ikauingia mwaka 2025 bila ushindi hata mmoja wa ligi. Lau shabiki angeandika hukumu yake mwezi wa Desemba, angeandika tanzia. Lakini baada ya mwaka mpya mambo yakageuka. Timu ikapata nafasi miongoni mwa 16 zinazogombea ubingwa wa taifa, ikazitoa Maine na Connecticut, ikafika nusu fainali mjini St. Louis mwezi wa Aprili, mara ya kwanza katika historia yake, na huko ikatolewa na Boston University kwa mabao 3 kwa 1. Hii ni nyota ambayo asubuhi haikuonekana kabisa, ikang'aa magharibi.

Wakati timu hiyo ikiteseka, jambo jingine lilikuwa likipikwa mezani kwa wakubwa. Kwa miaka mingi kijana wa Kanada alilazimika kuchagua njia akiwa na miaka 15 au 16. Akichezea ligi kubwa za vijana za kwao, ambazo huwapa wachezaji posho kidogo, alihesabiwa kuwa ameshauza mchezo wake, na mlango wa vyuo vya Marekani ukafungwa. Tarehe 7 Novemba 2024 wakuu wa michezo ya vyuo walikata shauri kuufungua mlango huo kuanzia tarehe 1 Agosti 2025. Vijana wakamiminika.

Aliyezungumzwa kuliko wote ni Gavin McKenna, mtoto wa Whitehorse, mji wa kaskazini ya mbali ya Kanada, mwenye asili ya wenyeji wa kale wa nchi ile. Katika msimu wa 2024-25 aliichezea Medicine Hat Tigers michezo 56, akafunga mabao 41 na kutoa pasi za mabao 88. Julai 2025 alitangaza katika televisheni kwamba anakwenda Penn State. Magazeti ya huko yakaandika kwamba atapata kiasi cha dola 700,000 kwa mwaka. Alikuwa na miaka 17.

Msimu ulianza tarehe 3 Oktoba 2025, na kwa kichekesho cha ratiba ulianza jangwani, katika jimbo la Arizona, ambako nje watu wanatoka jasho na ndani vijana wanateleza juu ya barafu. Penn State ilishinda. Siku ile wengi walikwisha kumvika McKenna taji. Wiki zikapita, na ikaonekana kwamba pasi zake ni nyingi lakini mabao ni machache kuliko walivyotarajia waliohesabu dola zake. Minong'ono ikaanza: mbona hafungi? Je, si fedha za bure hizi?

Hapa ndipo ninapotaka tupunguze mwendo. Kule alikotoka, kijana huyu alicheza na wenzake wa miaka 16 hadi 20. Vyuoni anakutana na wanaume wa miaka 22, 23, hata 24, waliokomaa mifupa na wanaojua kumbana mtu ukutani. Kule alizoea kucheza michezo mingi, karibu 70 kwa msimu. Vyuoni ni michezo 34 hivi kabla ya mashindano ya mwisho, aghalabu miwili mfululizo, Ijumaa na Jumamosi, kisha wiki nzima ya mazoezi na masomo. Akikosa Jumamosi, husubiri siku sita kujirekebisha, na siku sita hizo watu wanaandika.

Tena kuna jambo ambalo asiyeujua mchezo huu hawezi kulikisia. Mbio zake ni kali mno hata wachezaji hubadilishana kila baada ya kitambo kisichofika dakika moja, kundi hili likitoka na lile likiingia. Kwa hiyo mshambuliaji aliye bora kabisa huwa uwanjani kama theluthi moja ya mchezo. Dakika nyingine zote 40 amekaa kwenye benchi akitazama, kama wewe na mimi. Kidole kimoja hakivunji chawa, na katika mchezo huu kidole chenyewe hupumzika zaidi kuliko kinavyofanya kazi. Shabiki mwenye macho, katika wiki za mwanzo, hatazami nyota peke yake. Atazama kundi la tatu na la nne wanaingiaje. Atazama walinzi wanautoaje mpira nyuma. Atazama kama mgeni akipiga pasi, mwenyeji ameshajua itafika wapi. Maelewano hayo hayauzwi. Huja kwa kuishi pamoja.

Lakini kuna wanaolipa gharama ambao hawaonekani katika televisheni. Juni 2025 jaji mmoja wa Marekani aliidhinisha mapatano yanayoruhusu vyuo kuwalipa wanamichezo wao moja kwa moja, hadi dola milioni 20.5 kwa chuo kimoja katika mwaka wa kwanza. Mapatano hayo hayo yaliweka mpaka wa idadi ya wachezaji, na kwa magongo ya barafuni mpaka ni 26. Hesabu yake haihitaji mwalimu. Akiingia mmoja, mmoja hana nafasi. Ni kweli kwamba vyuo viliruhusiwa kutowahesabu wale waliokuwamo tayari, lakini kuruhusiwa si kulazimishwa. Sisi husema mgeni njoo, mwenyeji apone. Katika hali hii mgeni amekuja, na mwenyeji amefungashwa virago.

Hata hivyo simlaumu kijana, wala sioni kwamba zamani kulikuwa na usafi uliopotea. Wakenya tunalo la kukumbuka. Mwaka 1978 Henry Rono, mwana wa Nandi aliyekuwa akisoma katika Chuo Kikuu cha Washington State, alivunja rekodi nne za dunia katika muda wa siku 81. Alipewa masomo, na chuo kikapata jina duniani kote. Kanuni za siku zile zilisema mwanamichezo wa chuo asilipwe, eti mchezo ubaki safi. Usafi huo waliubeba wakimbiaji peke yao, kwani wenye viwanja na televisheni hawakukatazwa kula. Mtu akikuambia leo kwamba McKenna amepewa mno, muulize Rono alipewa nini.

Kwa hiyo nasema mawili. La kwanza, malipo ni haki, lakini chuo kinachonunua nyota kina deni la ahadi kwa wale waliokuja kabla yake, na deni hilo lapasa kulipwa kabla ya tikiti za msimu kuuzwa. La pili ni letu sisi mashabiki. Ni kweli kwamba mchezo wa Oktoba unahesabiwa sawasawa na wa Machi wakati wa kuchagua zile timu 16, na asiyejali mwanzo huenda akajuta mwishoni. Kuhesabu pointi ni jambo moja, na kumhukumu mtu ni jambo jingine. Mwanzo wa msimu wa 2024 ulisema timu hii haifai, na mwanzo ule ulisema uwongo. Basi kwa nini tuliamini kwamba mwanzo wa 2025 utasema kweli juu ya mtoto wa miaka 17, aliye mbali na kwao, na ambaye thamani yake ilitajwa kwa dola kabla hajagusa barafu?