Mtoto Asiyekula Nyama Asipigwe



Mwaka jana, mwezi wa pili, baba mmoja alituletea binti yake wa miaka saba. Viganja na ndani ya kope vilikuwa vyeupe, na mtoto alitweta kwa kupanda ngazi tatu tu za kliniki. Tukampima damu: gramu 8.2, wakati mtoto wa umri huo hatakiwi kupungua 11.5. Kabla sijauliza neno, baba akasema, "Sista, huyu kajitakia. Hataki nyama."

Mtoto aliacha nyama tangu Krismasi, alipoona akichinjwa mbuzi aliyekuwa akimlisha kwa mkono wake. Alishachapwa. Alishashikwa kichwa na kulishwa kwa nguvu, akatapika.

Nikauliza nyama hupikwa mara ngapi nyumbani kwao. Baba akafikiri, akasema mara mbili kwa mwezi, na sikukuu. Sasa jamani, nyama ya mara mbili kwa mwezi ndiyo imemmalizia mtoto damu? Tulipopima choo tukakuta minyoo ya safura, maana alikuwa akitembea pekupeku. Na chakula chake cha siku zote kilikuwa hiki: asubuhi chai ya rangi, mchana ugali na mchicha, jioni ugali na mchicha, kisha chai tena. Maharage yalikuwapo gunia zima, yakingoja bei ipande.

Nyama ni chakula kizuri, sikatai. Madini ya chuma yaliyomo huingia mwilini kwa urahisi kuliko yale ya mimea. Lakini mtoto anaweza kukua vizuri bila nyama, ikiwa mzazi atajua nini cha kuweka mahali pake. Familia nyingi za Kihindi katika miji yetu hazijala nyama vizazi na vizazi. Tazameni sahani zao: dengu, choroko, mtindi, samli. Sisi tukiondoa nyama tunabaki na mchuzi. Na mchuzi mtupu una ladha tu. Nyama yenyewe imebaki kwenye sahani ya baba.

Kikombe cha chai kilichojaa maharage yaliyopikwa kina protini gramu 15 hivi. Mtoto wa miaka saba anahitaji kama gramu 20 kwa siku. Akila maharage hayo na ugali, vinasaidiana, kwa kuwa kinachopungua katika mahindi kimo katika maharage. Kunde, choroko, njugu mawe na karanga ni vilevile. Yaloweke maharage usiku kucha, umwage maji yale, upike kwa maji mapya. Madini yake yatatumika vizuri zaidi. Mpe mtoto pera, chungwa au kipande cha papai pamoja na chakula hicho, maana matunda hayo husaidia mwili kuchukua chuma. Chai huzuia, kwa hiyo ingoje saa nzima baada ya kula. Mchicha utiwe mafuta kidogo au karanga za kutwanga, maana bila mafuta vitamini A yake haiingii vizuri mwilini.

Jambo moja sitalifumbia macho. Vitamini B12, inayohitajika kwa damu na mishipa ya fahamu, haimo katika mboga wala maharage. Mayai na maziwa vinayo. Mama anayeuza mayai yote gulioni na kurudi na soda, hapo hatuelewani. Wengine humnyima mtoto mayai na maziwa wakati wa Kwaresima, wakati sheria ya Kanisa ya kuacha nyama yenyewe haimfungi aliye chini ya miaka 14. Na mzazi aliyeamua kwamba nyumba yake haitatumia nyama, samaki, maziwa wala mayai, amlete mtoto hospitali apangiwe vidonge vya vitamini hiyo. Asingoje dalili.

Yule binti tulimpa dawa ya minyoo na vidonge vya chuma kwa miezi mitatu, na baba akafungua gunia. Mwezi wa tano damu ilikuwa gramu 11.8. Nyama bado hali. Baba amenunua mbuzi mwingine, na nasikia safari hii hawamruhusu mtoto amlishe.