Programu Yako Si Mwenye Nyumba

Wasee, leo nina kesi, na mshtakiwa wa kwanza ni mimi.

Shangazi yangu ana saiba hapa Molo. Kompyuta nne, printa moja, na bando ya kununua kila siku kwa sababu biashara yenyewe ni ndogo. Mwaka jana nilimwandikia programu ya hesabu: nani ameprinti kurasa ngapi, nani ana deni. Halafu nikaongeza kitu cha kujionyesha. Nyuma ya pazia, programu ilikuwa inapakia nakala ya hizo hesabu mtandaoni. Sikumwambia. Niliona namfanyia fadhila.

Jioni moja msichana kutoka Turi akaja kutuma maombi ya ufadhili wa masomo. Mwisho ni saa sita usiku. Ukurasa unazunguka tu. Shangazi akaongeza bando, ikaisha. Akaongeza tena, ikaisha. Akafunga programu yangu. Wapi! Akaiondoa kabisa. Bado. Akanipigia simu: "Wewe, hiki kitu chako si nimekitoa? Mbona bado kinakula?"

Saa tatu usiku msichana akatoka, na baridi ya huku mnaijua. Fomu haikuenda.

Sasa skiza kilichokuwa kinafanyika. Programu ya kawaida ina dirisha, ukilifunga, imelala. Huduma ya chinichini haina dirisha. Windows huiwasha kompyuta ikiwaka, hata kabla mtu hajaingia kwenye akaunti yake. Haijitokezi kwa desktopu. Na anayeamua ianze vipi, iwe na nguvu gani, ikianguka ifanye nini, si shangazi. Ni mimi niliyetengeneza setapu, lile faili la kubofya mara mbili kisha "Next, Next, Finish".

Nilichagua vitu vinne, vyote kwa uvivu. Kwanza, ijianzishe yenyewe kila siku. Pili, iendeshwe na akaunti ya LocalSystem, ambayo ina nguvu kuliko karibu mtu yeyote anayekaa mbele ya hiyo kompyuta, eti kwa sababu hivyo haikatazwi kitu. Tatu, ikianguka, ijiwashe tena papo hapo, bila kikomo. Kwa hivyo mtandao ukikatika katikati, inaanguka, inaamka, inaanza kupakia upya kutoka mwanzo. Bando ilikuwa inaenda hapo. Nne, na hii ndiyo aibu: nilitumia Inno Setup, ambayo ina sehemu ya amri za kusakinisha na sehemu nyingine ya amri za kuondoa. Nilijaza ya kwanza tu. Shangazi alipoondoa programu, hakuna mahali nilikuwa nimeandika "simamisha huduma, kisha ifute". Alifukuza mgeni, mzigo wa mgeni ukabaki chumbani ukiendelea kula.

Wazee walisema mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Huduma zetu zinakaa miaka na hakuna anayejua ziko, sembuse kuzipa jembe.

Na msidhani ni vijana wa mashinani pekee. Julai 2019, mtafiti Jonathan Leitschuh alionyesha kwamba Zoom ilikuwa inaacha seva ndogo ndani ya kompyuta za Mac. Uliondoa Zoom, seva ikabaki, na ingeweza kuirudisha Zoom bila kukuuliza. Siku chache baadaye Apple ikatuma sasisho la kimyakimya la kuing'oa. Fikiria kampuni kubwa hivyo, na kosa ni lile lile langu: kuingia umeandaa, kutoka hukuandaa.

Nikisema hivi, maboyz wa kodi hunijibu: "Bro, mtumiaji haelewi. Ukimuuliza maswali ataogopa." Haelewi nini? Shangazi anajua bei ya kila bando, anajua printa inakula wino kiasi gani, anajua nani hulipa na nani hukimbia. Mwambie hivi: "Programu hii itatumia intaneti hata ukiifunga. Niruhusu?" Ataelewa kabla hujamaliza. Anayeogopa swali ni wewe, kwa sababu unajua jibu linaweza kuwa hapana.

Ndiyo, zipo huduma lazima zijianzishe. Foleni ya printa ni mojawapo, na bila hiyo hakuna kuprinti. Antivairasi pia. Sina shida nazo. Kazi yake inajulikana. Shida ni programu ya kuhesabu kurasa kujipa cheo cha mlinzi.

Halafu kuna sheria. Kwenye ile nakala niliyokuwa napakia kulikuwa na majina ya watu na madeni yao. Kifungu cha 31 cha Katiba kinalinda faragha. Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019, kifungu cha 41, inataka ulinzi uwekwe tangu unapobuni mfumo, na data isitumike kupita kile kazi inahitaji. Nilikuwa nimevuka huo mstari nikiwa nimekaa kitandani na laptopu, nikijiita mbunifu.

Kwa hivyo ukitengeneza setapu, huduma iwe chaguo la kutiki, na tiki isiwekwe na wewe. Ipe jina ambalo shangazi atalitambua, si herufi sita za kuchanganya. Iendeshe kwa akaunti yenye nguvu kidogo, kama LocalService, kama kazi inaruhusu. Ikianguka mara tatu, iache ipumzike. Na kabla ya kumpa mtu yeyote faili hilo, lisakinishe, liondoe, uwashe kompyuta upya, kisha fungua services.msc utafute kama kuna mabaki yako. Ukiyapata, bado hujamaliza kazi.

Mimi nilirudi saiba, nikaifuta hiyo huduma kwa mkono, nikalipa bando. Shangazi alinisamehe siku hiyo hiyo. Yule msichana sijui hata jina lake, na hajui kwamba kilichomfungia mlango ni mistari miwili ambayo sikuiandika.