Vijisanamu vya Bwana Harusi: Tuchague Raia Waliovaa



Sisi mafundi tumezoea kuulizwa rangi ya viatu vya nikaha na kama lesi ya mkono ifike kwenye kiganja. Safari hii bibi harusi mmoja alikuja kupimwa gauni, akatoa simu, akatuonyesha picha za watu wadogo wa kijivu, kila mmoja kama pingili ya kidole gumba. Akasema, "Dada zangu, nyinyi mnajua nguo. Nichagulieni."

Mchumba wake amekulia Uingereza. Yeye na wenzake hucheza mchezo wa mezani wa mambo ya kutisha: hupanga vijumba, makaburi na miti mikavu, kisha huja vampaya na mbwa mwitu, na wawindaji wakapambana nao. Vijisanamu huuzwa bila rangi, vya plastiki, rezini au madini, vingi vina milimita 28 au 32, na mwenyewe hukaa na brashi akavipaka. Bwana huyu mazimwi anayo tele na wawindaji anao. Hana raia: muuza samaki, mkunga, mchimba makaburi, mwasha taa. Bibi harusi akaona hiyo ndiyo zawadi ya kumpelekea.

Baadhi yetu walicheka mpaka sindano zikawaponyoka. Mwanamme mzima na vitoto vya bandia! Lakini tujiulize, mume anayekaa nyumbani Jumamosi usiku akipaka rangi shali ya muuza samaki ana kosa gani kwa mkewe? Somo yake alimwambia ajue mumewe anapenda nini kabla hajajua anapenda kula nini, na hapo somo alisema kweli.

La dini hatukulipita. Imepokewa katika Bukhari na Muslim kwamba Bibi Aisha alikuwa akicheza na wanasesere nyumbani kwa Mtume, rehema na amani zimshukie, wala hakukatazwa. Wapo wanazuoni walioona ruhusa hiyo ni ya watoto tu, na wapo waliopanua. Dadu ni zito zaidi, maana ipo hadithi kali katika Muslim, na wanazuoni wengi wameukataza mchezo wa dadu hata bila kamari. Sisi ni mafundi cherehani. Tulimwambia hilo amuulize sheikh wake, amuulize na mchumba, na amuulize sasa, asingoje mpaka awe jikoni kwake ugenini. Na vijisanamu visipangwe rafuni kama mapambo. Viingie sandukuni vikimaliza kazi.

Tukarudi kwenye nguo, na hapo ndipo tulipokasirika.

Katika picha alizotuonyesha, wanaume wamevaa koti, kizibao, kofia, mpaka saa ya mfukoni inaonekana. Wanawake nusu yao kifua wazi, gauni limechanika mpaka pajani, mikono juu wanapiga kelele. Hao ndio wanaoitwa raia. Hatusemi haya kwa sababu ya hijabu peke yake. Kwa fundi yeyote huo ni uongo wa mshono. Mwanamke wa London wa miaka ile alipotoka mchana alifungwa vifungo mpaka shingoni, akavaa boneti au kofia, glavu na shali. Baridi ya kule yenyewe isingemruhusu.

Tukamfundisha kusoma miaka kwenye sketi. Sketi pana kama kawa, yenye kizimba cha pete za chuma ndani, ni ya baada ya 1856. Ikifika miaka ya 1870 upana umehamia nyuma, mwanamke anaonekana kama amebeba mto kiunoni. Miaka ya 1890 sketi imetulia, mikono ndiyo imefura mabegani. Riwaya ya Dracula ya Bram Stoker ilitoka 1897, basi anayecheza hadithi hiyo atafute mikono iliyofura. Kwa maskini usiwe mkali, maana London nayo ilikuwa na mitumba yake pale Petticoat Lane, na mchuuzi angeweza kuvaa fasheni ya bosi wa juzi.

Na katika Dracula hiyohiyo, nani anayechapa shajara zote kwa mashine na kuzijua ratiba za treni kwa moyo? Mina, mwalimu wa skuli. Raia. Bila yeye wawindaji wangebaki kuzunguka. Mji ukiwa na wanawake wa kupiga kelele tu, hakuna wa kumwonea huruma anapovamiwa, na mchezo wa kutisha unabaki fujo. Mchezo wa Ravenloft, uliochapwa 1983, ulitungwa na Tracy na Laura Hickman, mume na mke, kwa hiyo bibi harusi asidhani meza hii ni ya wanaume peke yao.

Kundi moja tulilikataa kabisa: vijisanamu vya wanawake wa Whitechapel, vya mchezo wa yule muuaji wa 1888. Wale walikuwa watu. Annie Chapman alikuwa akifuma na kuuza maua apate chakula. Elizabeth Stride alikuwa akishona na kusafisha majumba. Mwenzetu wa sindano, leo awekwe mezani achinjwe tena kila Jumamosi? Vampaya hayupo, mchezee utakavyo. Hawa waacheni walale.

Tuliyempenda kuliko wote ni mjane. Amevaa nyeusi tupu, shela mpaka kiunoni, mikono ameikunja, hapigi kelele. Malkia Victoria mwenyewe alivaa hivyo tangu mumewe alipofariki 1861 mpaka alipokufa naye 1901. Kwetu eda ina mwisho, miezi minne na siku kumi, na mwenye kuikaa tunamwita kizuka. Neno hilohilo pia ni la kitu kinachotokea ghafla gizani. Bibi harusi alicheka, akasema bwana harusi Kiswahili chake ni cha kubabaisha, hilo atamfundisha mwenyewe.

Alichagua sita: mjane, mkunga na mkoba wake, muuza samaki mwenye aproni, mzee mwasha taa, mwalimu wa kike na kitabu, na mtoto aliyeshika mkono wa bibi yake. Tumemfungia vipande vya bitana nyeusi na lesi aviweke ndani ya kisanduku visigongane. Jibu la sheikh kuhusu dadu bado analingoja, na mchumba ameshaambiwa kwamba analingoja.