Sifuri Ipangwe na Mwanafunzi

Katika karakana nyingi za shule, mashine ya kukereza inayoongozwa na kompyuta, yaani CNC, hupangiwa sifuri na mwalimu peke yake. Wanafunzi husimama kando, huandika waonayo, kisha mmoja wao huitwa kubonyeza kitufe cha kuanzia. Mimi nasema desturi hiyo haifai, nayo yatupasa kuiacha.

Kwanza nieleze sifuri ni nini, kwa kuwa wazazi wengi wasomao gazeti hili hawajapata kuiona mashine hiyo. Twasema kwamba Mlima Kilimanjaro una urefu wa mita 5,895. Urefu huo huhesabiwa toka usawa wa bahari, wala si toka stesheni ya Moshi. Mji wa Moshi wenyewe uko zaidi ya mita 700 juu ya bahari. Basi mtu akianzia hesabu yake hapo mjini atapata mlima mwingine kabisa, hata kama vipimo vyake vyote ni sahihi. Mashine nayo ni hivyo hivyo. Huambiwa, "Peleka kisu milimita 20," nayo hutii. Lakini toka wapi? Mashine haina macho. Mtu ndiye anayeiambia.

Mashine nyingi za zamani zina shida moja zaidi: umeme ukikatika husahau mahali zilipo. Kwa hiyo kila ziwashwapo, hapana budi kuzirudisha kwanza kwenye alama yao ya nyumbani. Ndipo kazi ya sifuri huanza. Fundi hukwangua uso wa chuma kidogo tu. Kisha, bila kukisogeza kisu kwa urefu, hukitoa pembeni na kuiambia mashine kwamba uso ule ndio sifuri ya urefu. Halafu hukereza ubavu kidogo, hurudisha kisu kwa urefu tu, husimamisha mashine, na kupima unene kwa mikromita. Ikisoma milimita 38.46, basi 38.46 ndiyo huandikwa. Kila kisu kitakachotumika lazima kipimwe vivyo hivyo, kwa sababu urefu wa visu haulingani.

Mtu akiandika nusu ya unene mahali palipotakiwa unene wote, au akisahau alama ya kutoa, mashine haitamwonya. Kisu chaweza kukata hewa, au chaweza kwenda kugonga kishikio kinachozunguka kwa kasi. Kisu huvunjika, chuma huharibika, na vipande hurukia watu.

Wako wasemao kwamba hiyo ndiyo sababu ya kutuzuia. Mashine ni ya zamani, wasema, na vipuri vyake ni adimu. Maneno hayo ni ya kweli, lakini hayatoshi. Mtoto hazuiwi kushika panga shambani maisha yake yote, hufundishwa kulishika. Tukitoka hapa bila kupanga sifuri hata mara moja, tutajifunzia kwenye mashine ya tajiri, naye hatatuvumilia kama mwalimu.

Hatari yaweza kupunguzwa kwa kanuni chache. Kwanza, asiiguse CNC mwanafunzi ambaye hajaweza kukereza kwa mashine ya mkono na kusoma mikromita. Pili, wafanye kazi wawili wawili: mmoja apange, mwenziwe asome tarakimu kwa sauti. Tatu, kabla ya kukata, kisu kiamriwe kusimama milimita 50 mbele ya uso wa kazi, na nafasi hiyo ipimwe kwa rula. Nne, programu iendeshwe mara ya kwanza hatua moja moja, kwa mwendo wa polepole, mwalimu akiwa karibu na kitufe cha kusimamishia.

Wengine watasema kwamba mashine mpya hujitafutia sifuri zenyewe kwa kipimo maalumu. Vema, lakini kipimo hicho nacho hupangwa na mtu, na asiyejua kazi kwa mkono hatatambua kipimo kikidanganya.

Hapa kwetu jambo hili si la anasa. Kule Machame, wilaya ya Hai, kilijengwa kwa msaada wa Bulgaria kiwanda cha Kilimanjaro Machine Tools, kikusudiwacho kutengeneza mashine za karakana. Huko migombani nako, mashine za kumenyea kahawa huhitaji mihimili na vipuri kila msimu. Viwanda havikosi kuta tu. Hukosa mikono inayojua.

Basi nawaomba walimu wetu watupe mikromita na nafasi, nasi wanafunzi tukubali kanuni hizo bila kunung'unika. Kitufe cha kuanzia chaweza kubonyezwa na mtu yeyote. Fundi ni yule ajuaye mashine inaanzia wapi.