Neno la Mhariri: Mbunge Atujibu

Tangu tulipotangaza kwamba toleo hili litahusu barua ambazo raia huwaandikia wabunge wao, wametujia waandishi wa makundi mawili yasiyopatana hata kwa salamu: wale washikiliao kwamba waraka wa raia haujapata kubadili kura ya mbunge yeyote, na wale wauonao kuwa ndio silaha pekee ya mtu asiye na mali wala jamaa serikalini. Nimezisoma hoja zao kwa makini, nazo zimeniudhi, kwani wote wanaupima uzito wa barua, na wajibu wa aipokeaye hawaugusi.

Kundi la kwanza lina dalili nzito. Mnamo Juni 2024 simu za wabunge wa Kenya zilifurika ujumbe wa raia waliowasihi waukatae Mswada wa Fedha, na bado tarehe 25 wabunge 195 waliupitisha, 106 wakiukataa. Rais akakataa kuutia sahihi siku ya pili yake, baada ya damu kumwagika na Bunge kuvamiwa. Kundi la pili hutaja mkate, kwa kuwa ushuru wa VAT wa asilimia 16 uliokusudiwa kutozwa mkate ulikwisha ondolewa tarehe 18, baada ya Kamati ya Fedha kupokea maoni ya watu. Lakini siku hiyo hiyo vijana walikuwa barabarani Nairobi, na ni nani awezaye kuapa kwamba ni kalamu iliyofanya kazi, wala si miguu?

Mojawapo ya barua za kuupinga ushuru huo wa mkate niliiona kwa macho yangu. Mama mmoja auzaye chai jirani na afisi yetu alinijia asubuhi na ukurasa alioung'oa katika daftari la mwanawe, umekunjwa mara nne, akitaka nimsahihishie tahajia kabla hajaupeleka. Neno la siasa halikuwamo. Aliandika mkate mmoja hutoa slesi ngapi, slesi huuzwa kwa bei gani pamoja na kikombe cha chai, na chini yake, kwa kalamu nyekundu, ni shilingi ngapi zingembakia ushuru ukipita. Tahajia nilirekebisha mahali pawili patatu. Hesabu haikuwa na kosa. Mkate ulinusurika, naye hadi leo hajaambiwa kama waraka wake ulisomwa, na sasa anasema hataandika tena.

Hapo ndipo isimamapo hoja yangu, ambayo wasomaji wetu wa zamani wameizoea, nami sitachoka kuirudia. Kifungu cha 118 cha Katiba ya 2010 kinalitaka Bunge liwashirikishe watu katika kazi yake ya kutunga sheria, ila hakisemi wazi kwamba liwajibu. Mahakama ya Rufaa, ilipoibatilisha Sheria ya Fedha ya 2023 mnamo Julai 31, 2024, ilisema, miongoni mwa mengine, kwamba Bunge lilipaswa kueleza sababu za kuyakubali au kuyakataa maoni ya umma. Oktoba 29 Mahakama ya Juu ikaitengua hukumu hiyo. Naiheshimu Mahakama ya Juu, lakini naitakidi kwamba katika jambo hili waliotangulia ndio walioona sawasawa, kwani mbunge ajuaye kwamba atadaiwa sababu kwa maandishi huisoma barua mpaka mwisho, na asiyedaiwa aghalabu humwachia karani aihesabu. Na jibu lenyewe liwe kwa Kiswahili, maana miswada huchapwa kwa Kiingereza, na mama wa chai alipaswa kusomewa ushuru wake na mtoto wa shule.

Katika toleo hili, makala juu ya Kifungu cha 119, kinachompa kila mtu haki ya kupeleka ombi Bungeni, yasomwe polepole. Yale yahusuyo barua za Wangari Maathai za 1989, alipolipinga jengo la ghorofa 60 katika bustani ya Uhuru, yanaonyesha jinsi wabunge walivyomkejeli, na jengo lisijengwe.

Nawe msomaji, ukimwandikia mbunge wako, mwombe jibu la maandishi lenye sababu, utie tarehe, ubakishe nakala. Miezi mitatu ikipita bila jibu, tuletee nakala hiyo, tutaichapa.